Kifua Kikibana, na Siku Mgonjwa Anaporudi Nyumbani

Tanga

Kwa mwanangu mpendwa Rehema,

Barua yako ilisomwa sebuleni mbele ya watu wote, na ilipofikia habari ya kupangiwa idara ya dharura baba yako alishindwa kuficha furaha yake. Shangazi yako, huyu anayekuandikia, naye alifurahi, ila kwa kuwa aliifanya kazi hiyohiyo mpaka alipostaafu, alirudia mara kadhaa mahali pamoja, pale ulipouliza nesi mpya ashike lipi kwanza mgonjwa akiingizwa ameshika kifua. Atakujibu. Kisha ataongeza jambo ambalo hukuuliza, na kwake hilo ndilo zito zaidi: mgonjwa huyo akipata nafuu na kuruhusiwa, nani atakuwa amemfundisha dawa zake?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 19.8, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo bado wapo watu wetu, wasomi wakiwemo, wanaoamini kwamba mshtuko wa moyo ni maradhi ya Ulaya au ya matajiri wa mjini wenye vitambi.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja mkoani Kilimanjaro. Watafiti waliwapima wagonjwa 681 walioingia wakilalamikia maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Katika hao wenye mshtuko, wengi hawakutambuliwa na waliokuwa wakiwatibu, waliopewa aspirini hawakufika hata robo, na siku 30 zilipopita zaidi ya wanne kati ya kumi walikuwa wamefariki.

Rudia kuzisoma hizo takwimu, mwanangu. Aspirini ipo kila wilaya, na bei yake hata mwenye kibanda cha mihogo anaimudu. Wale watu walifika hospitali, wakalazwa vitandani, na kidonge kilikuwa kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kufikiria moyo mapema.

Kufikiria moyo mapema ni kazi ya nesi kabla haijawa ya daktari, kwa sababu nesi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Na mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Atasema gesi imempanda, atasema kichomi, kiungulia, au kwamba pumzi hazimtoshi. Bibi mwenye sukari ya miaka mingi huenda asitaje maumivu kabisa. Atasema amechoka tu tangu alfajiri na jasho linamtoka. Wanawake, wazee na wenye kisukari ndio hasa wanaopitwa, maana dalili zao hazifanani na zile zilizochorwa kwenye mabango ukutani.

Maswali ya kumuuliza ni ya zamani. Daktari William Heberden alisimama mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London mwaka 1768 akaeleza habari za watu wanaokamatwa na kifua wanapotembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, kisha wakisimama kidogo tu maumivu yanakwisha. Zaidi ya miaka 250 imepita na kuuliza hivyohivyo kungali kunatufaa. Yalianza lini, mgonjwa alikuwa anafanya nini, yanaelekea wapi: begani, mkononi, tayani, mgongoni? Akipumzika yanapungua? Maumivu yaliyokuwa yakija kwa kupanda ngazi na sasa yanakuja akiwa ameketi ni habari mbaya, na daktari aitwe hapohapo.

Kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG, kinatakiwa kiwe kimepigwa na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa alipofika. Hilo limo katika miongozo ya kimataifa, lakini mwongozo haujui kwamba mashine imefungiwa chumba ambacho ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda kunywa chai. Kwa hiyo ukiingia zamu, kabla ya kupokea mgonjwa yeyote, ijue mashine iko wapi, ina karatasi, ina chaji, na nyaya zake zote zipo. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na maumivu bado yapo, kirudiwe, kwa maana moyo unaweza kuficha jambo kwenye karatasi ya kwanza ukalionyesha kwenye ya pili. Damu ya troponini ichukuliwe pale inapowezekana.

Presha ipimwe mikono yote miwili. Hapo wengi huona nesi anapoteza muda. Lakini mshipa mkuu unaotoka moyoni ukichanika ndani, mgonjwa hulalamikia kifua vilevile, mara nyingi kwa maumivu makali ya ghafla yanayopasua kuelekea mgongoni, na presha ya mkono mmoja huweza kupishana sana na ya mwingine. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo ni uhai kwa mwenye mshtuko wa moyo, ni hatari kubwa kwa huyu. Ukiona tofauti hiyo, mwambie daktari kwa sauti, usiiandike tu ukaendelea na mgonjwa mwingine.

Aspirini yenyewe hutafunwa. Kumeza kidonge kizima ni kuchelewesha, hasa kile chenye ganda la kulinda tumbo. Vidonge vinne vidogo vya miligramu 75 vinatimiza miligramu 300, na mgonjwa avitafune mbele yako, isipokuwa kama aspirini humdhuru, au anatokwa damu, au umeshaushuku ule mshipa uliochanika. Nguvu ya dawa hii haikubahatishwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1988, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 17,000 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano katika wiki tano za mwanzo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, streptokinesi, nayo ilipunguza kwa kiasi karibu na hicho, na waliopewa zote mbili walinufaika zaidi kuliko waliopewa moja.

Kuna mazoea mawili ya wodini ambayo shangazi yako anakuomba uyaache mlangoni. La kwanza ni sindano ya diklofenaki. Mgonjwa analia kifua, ndugu wanamtazama nesi kwa macho ya kuomba, na sindano ya makalio inachomwa ili kelele zitulie. Dawa za kundi hilo zinaongeza hatari kwa moyo ulioumia, na tundu la sindano kwenye msuli linaweza kuvuja damu vibaya endapo saa moja baadaye mgonjwa atapewa streptokinesi. Maumivu yatulizwe, tena kwa haraka, kwa dawa atakayoandika daktari; ikiwa ni mofini, hesabu pumzi za mgonjwa wala usimwache peke yake.

La pili ni oksijeni kwa kila anayeshika kifua. Vizazi vya wauguzi vilifundishwa hivyo, na nia ilikuwa njema. Mwaka 2017 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa 6,629 wenye dalili za mshtuko wa moyo ambao kiwango chao cha oksijeni kwenye damu kilikuwa asilimia 90 au zaidi. Nusu walivikwa barakoa ya oksijeni, nusu wakaachwa wapumue hewa ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliokufa ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Basi tazama kwanza kipimo cha kidoleni. Kikiwa chini ya 90, mpe. Kikiwa juu, mtungi mwachie mtoto mwenye nimonia kitanda cha pili.

Sasa kidonge cha chini ya ulimi, ambacho shangazi yako angeweza kukiandikia barua nzima.

Nitrogliserini ilitengenezwa mara ya kwanza na Mwitaliano Ascanio Sobrero mjini Torino mwaka 1847. Aligusisha kiasi kidogo sana ulimini, na kichwa kikamuuma vibaya mno. Miaka 20 baadaye Alfred Nobel wa Sweden aliifanya baruti ya dainamiti. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti hiyo walikuwa wakiumwa kichwa kila Jumatatu. Wiki ikiendelea maumivu yalipotea, kisha yakarudi Jumatatu iliyofuata baada ya mapumziko. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London, ambaye alijijaribia mwenyewe kwanza, alieleza katika jarida la Lancet jinsi dawa hiyo inavyomtuliza mtu mwenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Nobel mwenyewe, moyo ulipomsumbua mwaka 1896, mwaka aliofariki, aliandikiwa na madaktari wake dawa hiyohiyo. Ilichukua karne nyingine nzima kujua inavyofanya kazi: mwaka 1998 Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua kwamba mwili hutumia gesi ya nitriki oksaidi kuiamuru mishipa ilegee, na nitrogliserini huzaa gesi hiyohiyo.

Historia hiyo yote imo ndani ya maagizo utakayompa mgonjwa. Kichwa cha Sobrero ndicho kitakachomgonga mgonjwa wako jioni ya kwanza, na asipoonywa atadhani dawa inamuua na ataitupa. Mwambie mapema: kichwa kitauma, uso utapata joto, ni dawa inapanua mishipa, na kwa wengi hupungua siku zikienda. Wale wafanyakazi wa Jumatatu nao wanaeleza kwa nini dawa za jamii hii za kumeza, mfano isosobaidi, mara nyingi hupangwa asubuhi na mchana, saa 2 na saa 8, bila ya usiku. Mwili ukikaa na dawa hiyo mchana na usiku unaizoea, na nguvu yake inapotea. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo ataona amepunjwa dozi ya usiku, naye atajiongezea.

Kabla hujampa kidonge hicho, pima presha. Ile ya juu ikiwa chini ya 90, usimpe, mwite daktari. Na uangalie ECG imesomwa, kwa sababu mshtuko unaoshika upande wa kulia wa moyo huporomosha presha ghafla dawa hii ikiingia. Usichukue nafuu yake kuwa ushahidi pia. Koo la chakula likikaza nalo hulegezwa na dawa hiyohiyo, kwa hiyo maumivu kuisha hakuthibitishi kuwa ni moyo, wala dawa ya kiungulia kumtuliza mgonjwa hakuthibitishi kuwa ni tumbo.

Lipo pia swali ambalo wasichana wa rika lako hulikimbia. Mwanamume aliyetumia sildenafili ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafili ndani ya saa 48, akipewa nitrogliserini presha yake inaweza kushuka asizinduke. Mzee wa miaka 65 hatakuambia, na mbele ya mkewe na wanawe atakana. Usimuulize mbele yao. Vuta pazia, watoe ndugu kwa adabu, na useme: "Babu, shikamoo. Kuna swali ninamuuliza kila mwanamume ninayempa dawa hii, kijana au mzee, kwa sababu zikikutana mbili zinaweza kuua. Juzi, jana au leo umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume, ya duka au ya unga?" Hiyo ya unga usiisahau. Vumbi la Kongo na michanganyiko ya namna hiyo inauzwa stendi na sokoni bila karatasi yoyote ya kueleza kilichomo, na katika nchi nyingi wapimaji wamekuta sildenafili imefichwa ndani ya dawa zinazoitwa za asili. Ukiuliza kwa heshima hiyo, mzee hujibu. Na yeye akishajibu, siri yake iishie kwako na kwa daktari.

Tuseme yote yamekwenda vizuri. Damu iliyoganda imeyeyushwa, au mgonjwa amepelekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Siku chache zimepita. Anataka kwenda nyumbani, kitanda kinangojewa na mwingine, na ndugu wamesimama na mabegi. Ndipo anapokabidhiwa mfuko wa dawa nne au tano, na nesi anasema akiwa ameshageuza mgongo: "Utakunywa kama ilivyoandikwa."

Hebu itazame hiyo bahasha ya dawa. Imeandikwa 1x1, imeandikwa 1x2. Mvuvi wa Sahare anayeingia baharini usiku na kulala mchana aielewe vipi mara mbili kwa siku? Kwake siku inaanza jua likizama. Na kama chati imeandika 8:00 na mgonjwa akainakili, ataisoma saa nane, akanywa dawa saa sita baadaye kuliko ilivyokusudiwa. Taja saa kwa Kiswahili na uzifunge kwenye jambo analolifanya kila siku bila kukosa: baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai, watoto wanaporudi shule. Asiyejua kusoma mchoree jua na mwezi. Na umtafute mapema yule atakayeshika dawa nyumbani, ambaye mara nyingi ni mjukuu wa darasa la sita wala si mtoto mkubwa aliyekuja na gari.

Kisha kila dawa ipewe sababu yake. Mtu haachi dawa anayojua inamfanyia nini kwa wepesi anaoacha isiyokuwa na maana kwake. Aspirini ndogo inazuia damu isigande tena, na inaendelea hata asipoumwa popote. Klopidogreli inaisaidia aspirini, na kwa mwenye stenti ndiyo inayozuia kijibomba kuziba. Akiiacha kabla ya muda aliopangiwa, ambao mara nyingi hufika mwaka, anaweza kupata mshtuko mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mtu huyo akienda kung'oa jino, daktari wa meno aambiwe, na asikubali mtu mwingine amsimamishie dawa bila daktari wa moyo kujua. Ajue pia kwamba omeprazoli, ambayo watu wetu wengi hujinunulia kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hupunguza nguvu ya klopidogreli. Zipo nyingine za tumbo anazoweza kuandikiwa.

Dawa ya kupunguza kasi ya moyo, atenololi au bisoprololi au kavediloli, haiachwi ghafla. Ikikatwa kwa siku moja, mapigo hurudi kwa kishindo na kifua hubana upya. Kabla hajaanza, aulizwe kama ana pumu. Dawa ya kushusha mafuta kwenye damu atainywa hata kama ameacha nyama, kwa kuwa ini lenyewe hutengeneza mafuta hayo. Misuli ikimuuma mwili mzima bila sababu, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, arudi.

Zile za presha ambazo majina yake huishia na -prili, kaptoprili, enalaprili na wenzake, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Hapa kwetu kikohozi hicho kimewazungusha wengi. Mgonjwa hununua viuavijasumu, havisaidii. Anapimwa makohozi ya kifua kikuu, hayana kitu. Mwisho anaacha dawa zote kwa kukata tamaa, na hakuna aliyemwambia kwamba daktari angeweza kumbadilishia hiyo moja tu. Sentensi yako moja siku ya kuruhusiwa ingemwokolea miezi. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura, na dawa isimame hapohapo.

Kidonge cha chini ya ulimi kinahitaji somo lake peke yake, tena kwa vitendo. Nitrogliserini ikae kwenye chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kimekazwa, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Ikihamishiwa kwenye kifuko cha plastiki, au ikafungwa pindoni mwa khanga, hupoteza nguvu na mgonjwa hana habari. Kifua kikimbana, akae kitako, maana dawa hii humwangusha aliyesimama. Aweke kimoja chini ya ulimi, akiache kiyeyuke, asikimeze, kwa sababu kikipita tumboni ini hukiharibu kabla hakijafanya kazi. Dakika 5 zikipita na maumivu yapo palepale au yamezidi, safari ya hospitali ianze. Gari likitafutwa anaweza kuongeza cha pili, na baada ya dakika 5 nyingine cha tatu, basi. Asiendeshe mwenyewe, wala asipakiwe bodaboda peke yake.

Mwezi wa Ramadhani unataka mazungumzo yake mapema, wiki kadhaa kabla ya kuandama. Aliyetoka kupata mshtuko wa moyo si mtu wa kufunga, na dini imempa ruhusa yake. Anayesikia hivyo kutoka kwa nesi Muislamu hulipokea kwa utulivu zaidi. Yule ambaye hali yake imetulia na daktari amemruhusu, dawa za mara moja zihamishiwe futari au daku kwa mpango ulioandikwa. Na asije akavumilia kifua mchana kwa kuogopa kufungua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha mwaka 1997 Jeddah, lilisema kidonge cha chini ya ulimi cha maumivu ya kifua hakibatilishi saumu ilimradi mtu asimeze kinachofika kooni. Mweleze hivyo, na umshauri amuulize sheikh wake pia ili moyo wake utulie.

Kuhusu mitishamba, usikaripie. Ukikaripia mara moja hutaambiwa tena. Muulize anatumia nini na kiasi gani, kwa sababu kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi, juu ya aspirini na klopidogreli, vinaweza kumfanya atokwe damu kirahisi. Kinyesi cheusi, fizi zinazovuja na michubuko isiyo na sababu ni mambo ya kuja kuonyesha. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, ambazo watu hununua kwa ajili ya mgongo na magoti, amwambie muuzaji wazi kwamba yeye ana maradhi ya moyo na asiuziwe.

Fedha nazo ziulizwe, tena pembeni. Baba wa watu, mbele ya wakwe zake, atasema dawa zitanunuliwa zote. Akiwa peke yake atakuambia anaweza mbili. Hapo mpeleke kwa daktari au kwa mfamasia, wamtafutie zenye bei anayoiweza au wampe mpangilio kulingana na uzito wa kila dawa, kwa sababu mgonjwa akijichagulia mwenyewe huacha ile isiyompa nafuu anayoihisi, na mara nyingi hiyo ndiyo aspirini au ya mafuta. Umuonye pia asigawane vidonge na jirani mwenye presha. Watu wetu wana huruma, na huruma hiyo imemaliza dozi za wengi kabla ya mwezi kuisha.

Ukishafundisha yote, usimuulize kama ameelewa. Atajibu ndiyo kwa heshima, hata kama hakusikia neno. Muulize namna hii: "Mama, ukifika nyumbani binti yako akakuuliza hiki kidogo ni cha nini, utamwambiaje? Na kifua kikikubana usiku, utaanza na nini?" Akikwama, umekwama wewe katika kufundisha, rudia kwa maneno mengine. Kisha uandike kwenye faili ulichomfundisha na alichoweza kukueleza, ili nesi wa kliniki atakayempokea baada ya wiki mbili ajue pa kuanzia.

Utasema muda hautoshi, na ni kweli: wagonjwa ni wengi na nyinyi ni wachache. Lakini robo saa ya kumfundisha mgonjwa ni fupi kuliko usiku mzima wa kumpokea upya akiwa hoi, pamoja na wanawe wanaolia kwenye korido. Usingoje siku ya kuruhusiwa. Fundisha dawa moja kila unapopita na kigari cha dawa asubuhi. Siku nne zinatosha dawa nne, na siku ya mwisho inabaki ya kusikiliza.

Mwanangu, kesho ukiingia zamu anza na mgonjwa mmoja. Mchague yule anayekaribia kuruhusiwa, vuta stuli ukae naye uso kwa uso, ndugu yake mmoja awepo, na usimkabidhi karatasi ya kuondokea mpaka akueleze kwa mdomo wake dawa ipi ni ya nini, ipi haiachwi, na akimbilie wapi kifua kikibana tena. Kisha uandike barua, umweleze shangazi yako alivyokujibu.

Wasalaam,

Shangazi yako